Tulivyokwenda Valpolicella Kuomba Mke

Tangu nishuke kwenye basi pale stendi ya Bukoba sijanunua hata chumvi kwa amani. Kanisani mnanivuta gauni, sokoni mnaniita kwa mikono miwili, na jana mama mmoja wa hapa hapa Nyanga kanifuata hadi kwenye cherehani yangu. Anashikashika kitambaa asichokuwa na nia ya kukishona, kumbe anataka kujua tu: mlipewa binti, au hamkupewa? Nimechoka. Naandika yote mara moja, msome, mpeane, mniache nishone. Jibu liko mwishoni, na atakayeruka kurasa shauri yake.

Muleba: neno la mkwe

Kwa wasiotujua vizuri, Ta Respicius ni kaka yangu mkubwa. Ana shamba lake la migomba na kahawa huko Muleba, upande wa Kamachumu, na kati ya watoto wake, wa kiume ni mmoja tu, Novatus. Miaka michache iliyopita alifika huko dada wa Kiitaliano aitwaye Chiara, mnatamka Kiara, kuwafundisha wakulima namna ya kuanika kahawa isivunde. Alikaa kwa kaka yangu. Akajua Kiswahili, kisha akajua Kihaya cha kutosha kugombana na mbuzi wa jirani. Yeye na Novatus wakapendana, na sisi tuliona kabla wenyewe hawajaona.

Walipokubaliana kuoana na kuishi Muleba, Chiara alirudi kwao kumweleza baba yake. Mzee huyo, Attilio, analima zabibu na kutengeneza mvinyo mwekundu kwenye vilima vya Valpolicella, karibu na mji wa Verona. Mkewe alishafariki, na mtoto ni huyo mmoja. Aliposikia kwamba mtoto anahamia kwetu, alisema neno moja tu: “Kama wanamtaka, waje wamwombe hapa.” Kuanzia siku hiyo hakumsemesha tena binti yake. Miezi ikapita, wanakula meza moja, mmoja anaomba chumvi kwa kuinyooshea kidole.

Chiara alimpigia Novatus simu huku analia. Novatus akaja kumweleza baba yake, naye sauti imekatika. Ta Respicius alimsikiliza hadi mwisho, akanyanyuka, akapiga makofi.

“Huyu mkwe ana adabu!” akasema. “Kasema twende. Mlitaka aseme nini zaidi?”

Na mimi nilifurahi vilevile, sitaficha. Kwetu baba wa binti akisema waje waniombe, mlango umefunguliwa, kazi iliyobaki ni kuvaa vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mtu anaweza kulitamka neno hilo kwa hasira, akiamini hakuna atakayekuja.

Ukoo ukakaa. Anayeoa haendi kujisemea, kwa hiyo Novatus atabaki na kahawa. Ataenda baba mtu, pamoja na shangazi, kwa sababu kuna mahali patahitaji mdomo. Mnanijua. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, aliyewahi kuyapitia anajua na ambaye hajayapitia ataota vibaya.

Sasa, ukweni hatuendi mikono mitupu. Wakatajwa mbuzi, wakaondolewa. Mwisho wote tukasema olubisi, pombe yetu ya ndizi, tena ile iliyokanyagwa na miguu ya mwenye mtoto. Ta Respicius akaivisha mikungu yake juu ya meko, akazimenya ndizi, akazitia kwenye mtumbwi wa kukamulia pamoja na majani, akapandisha suruali na kuanza kukanyaga. Na goti lake lile bovu! Watu wakamwambia apumzike, vijana wapo. Akajibu kwamba vijana hawaombi mke wa mwanawe.

Kulikuwa na tatizo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisema kwa sauti. Olubisi haingoji. Leo tamu, kesho imekolea, baada ya siku chache ni siki.

“Ndege ina baridi huko juu,” akasema Ta Respicius. “Itafika.”

Akaijaza madumu mawili. Tukaondoka, tena msimu wenyewe wa senene, wale panzi wetu watamu, ukiwa umeanza, watu wanakimbizana nao kwenye taa. Mjue tu ni mapenzi kiasi gani hayo.

Muleba hadi Mwanza: madumu yanaongea

Aliyebeba olubisi anajua kwamba hafungi dumu. Unaweka kifuniko juu juu, pombe ipumue. Kwenye basi tukayaweka miguuni kwetu, na kila basi likiingia shimoni, madumu yanajibu: fyuu, fyuu. Kiti cha mbele yetu alikaa mhubiri mmoja aliyekuwa anakwenda Geita kwenye mkutano wa Injili. Harufu ikamfikia tukiwa hata Biharamulo hatujafika.

“Mama, hiyo ni nini?”

“Ni zawadi ya ukweni, mtumishi.”

“Zawadi inanuka pombe.”

“Na ukweni wanakunywa,” nikamjibu.

Akageuka mbele, akaanza kuimba pambio. Halafu tairi likapasuka, tukashushwa wote, tukakaa kivulini tukila mahindi ya kuchoma, na pale chini mhubiri akaniuliza huko ukweni kwenyewe ni wapi. Nilipomwambia, aliacha hindi lake. Akauliza maswali mengi kuliko ninyi. Basi lilipokuwa tayari alituombea pale pale barabarani, akataja Italia, akamtaja mzee Attilio kwa jina, na mwisho akaombea hata mizigo yetu, ila hakuitaja kwa jina lake.

Tukavuka daraja jipya la Busisi tukalala Mwanza kwa ndugu. Kesho yake uwanja wa ndege, kwenye kupima mizigo, dada mmoja mwenye kucha nzuri akagusa dumu na kifuniko kikacheza.

“Baba, hiki kikae hivi? Pombe itamwagika.”

“Binti yangu, kikikazwa ndipo itamwagika.”

“Haiwezekani baba. Lazima kikazwe, na juu tuzungushie gundi ya karatasi.”

Ta Respicius akamweleza habari ya ndizi kupumua. Foleni nyuma yetu ikaanza kucheka, na jamaa mmoja akasema, “Wahaya bwana! Hata pombe yao inapanda ndege, tena inataka dirisha.” Mimi nilitaka kumjibu, nikakumbuka ninakwenda ukweni. Madumu yakakazwa, yakazungushiwa gundi, yakatiwa kwenye sanduku kubwa pamoja na gauni langu jipya la gomesi, nikaona yanaondoka kwenye ule mkanda mweusi.

Njia panda ya Uarabuni

Tulibadilisha ndege kwenye uwanja mmoja mkubwa wa Uarabuni, mkubwa kuliko Bukoba mjini nzima, na ndege yetu ikachelewa. Kila ubao ukiusoma unabadilika. Tukazunguka hadi goti la kaka yangu likakataa, akakaa chini kwenye zulia, akaanza kulalamika kwa Kihaya.

Dada aliyekuwa anasukuma toroli la usafi akasimama. Mganda wa Masaka! Yeye akasema Kiganda, sisi tukajibu Kihaya, tukaelewana kabisa. Aliposikia safari yetu alicheka hadi akashika toroli. Akatupeleka mwenyewe hadi mlango wetu, na njiani akamwambia kaka yangu, “Ssebo, mimi nikiolewa nataka mkwe wa namna yako.” Ta Respicius alitembea vizuri sana baada ya hapo, goti likapona lenyewe. Mimi nilimpa yule dada kipande cha kitenge nilichokuwa nimejifunga kichwani, maana sikuwa na kingine cha kumpa.

Ndani ya ndege walipopita na vinywaji, kaka akaomba mvinyo mwekundu ili aanze kuizoea kazi ya mkwe. Wakampa kichupa. Akaonja, akanipa, akasema, “Huu ni wa wagonjwa. Tusimhukumu mzee wa watu kwa huu.”

Verona: sanduku

Sanduku letu lilitoka la mwisho. Lilitanguliwa na harufu yake.

Madumu yalikuwa yamepasuka yote mawili. Olubisi ilikuwa inachuruzika kwenye mkanda, watu wanasogea pembeni na masanduku yao. Gomesi yangu ya kuombea mke, niliyoishona kwa mikono hii, ilikuwa imelewa kabisa. Askari wa forodha akatuita, akafungua, akafunga haraka, akafungua tena, akainama kunusa. Akamwita mwenzake naye anuse. Wakaulizana kitu, wakatutazama sisi wawili na nguo zetu za heshima, wakatupungia mkono tupite.

Ta Respicius hakupita. Alikaa juu ya toroli, akafunika uso. Mama yetu tulimzika sote na sikumwona kaka yangu akitoa chozi, lakini pale kwenye sakafu ya Verona alilia. “Nimekanyaga bure,” alikuwa anasema. “Adventina, tunakwenda kusema nini?” Nami niliona tumekuja mbali kote huko kuwa wajinga tu.

Chiara alikuwa nje anatusubiri. Alipiga magoti kutusalimu pale pale mbele ya magari, watu wanashangaa, nikampenda upya. Tukaingia kwenye gari lake, na tulipoacha mji na kuanza kupanda vilima, ndipo akasema alilokuwa analo.

“Shangazi, kuna kitu sikuwaambia. Baba hakuwaita. Lile neno alilisema kwa hasira. Hakudhani mtakuja. Nimemwambia asubuhi hii, akanyanyuka akaenda shambani.”

“Simamisha gari,” nikasema.

Akasimamisha. Mimi nilikuwa tayari kurudi kwa miguu hadi Muleba. Unaingiaje nyumbani kwa mtu ambaye hajakualika, mkono mtupu, nguo zinanuka kilabu? Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Kaka yangu alinisubiri nimalize.

“Mwanangu,” akamuuliza Chiara, “alisema tuje, au hakusema?”

“Alisema, Tata, lakini...”

“Basi tumeitwa. Endesha.”

Valpolicella: ugali wa Ulaya

Wenzangu, ile nchi ni nzuri. Nilikuwa nimenuna na bado niliiona. Vilima vimekatwa ngazi ngazi, kila ngazi ina ukuta wa mawe meupe yaliyopangwa bila saruji, na juu yake mizabibu imeinuliwa kwenye vichanja hadi unaweza kutembea chini yake umesimama. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya dhahabu na ya damu ya mzee. Kati ya mizabibu kuna mizeituni, kuna micheri, na ukifika juu siku isiyo na ukungu unaona ziwa. Ta Respicius alipoliona alivua kofia. Kwetu mtu anayeishi juu ya kilima na ziwa chini yake ni mtu tunayemwelewa.

Mzee Attilio alitoka mlangoni kutupokea. Mrefu, mkavu, buti za udongo. Alitupa mkono, na mkono wenyewe ni mgumu wa jembe. Kisha akaongea, na hapo niliona jinsi mambo yalivyo. Alikuwa anatutazama sisi, anasema, ananyamaza kungoja tafsiri, bila kumwangalia anayetafsiri. Chiara alikuwa amesimama pembeni yake na kwa macho ya baba hakuwepo.

Hebu fikirini mambo hayo. Kwetu binti anapokuja kuombwa anafichwa chumbani, hata kukohoa asikohoe. Huyu ndiye mkalimani wa kuombwa kwake mwenyewe! Na nilimshuku. Baba anasema maneno marefu, yeye analeta mafupi na matamu. Mimi nasema mafupi, yeye anayapeleka marefu na yenye heshima.

Chakula kikaletwa. Sahani imefunikwa kitu cha njano, laini, kinatoa moshi. Nikaonja. Ta Respicius naye akaonja, akaweka kijiko chini, akaniinamia kwa Kihaya: “Adventina, tumevuka bahari kuja kula ugali.”

Chiara aliangua kicheko. Alijaribu kukizuia, kikamtokea puani. Baba yake aliinua kichwa, akamtazama mara ya kwanza tangu tufike, kisha akayarudisha macho kwenye sahani.

Juu ya huo ugali wao kulikuwa na nyama nyeusi, laini, iliyopikwa kwa mvinyo hadi nyuzi zinaachana zenyewe. Mchuzi wake, jamani! Nikaongezewa. Nilipomaliza sahani ya pili nikauliza kwa adabu ni nyama gani hiyo. Chiara akatazama dirishani.

“Ni ya farasi, Shangazi.”

Nilikuwa nimeshakula, sasa ningekataa nini? Kaka yangu alicheka hadi akapaliwa. Kulipiza, akatoa mfukoni kifurushi chetu cha kamwani, zile kahawa tunazompa mgeni atafune, akamkabidhi mkwe kwa mikono miwili. Attilio akadhani ni dawa. Akatoa punje moja, akaimeza nzima kwa maji, akashukuru.

Halafu akaleta mvinyo wake. Unaitwa Amarone. Akamimina kidogo kwenye glasi ya kaka yangu, akasimama kungoja aonje. Sasa, ninyi mnajua, kwetu mwenye pombe ndiye anaonja kwanza, mgeni aone haina neno. Ta Respicius akangoja mwenyewe aonje. Mwenyewe akangoja mgeni. Wametazamana wale wazee wawili, kila mmoja ananyoosha mkono kumkaribisha mwenzake, sura zinaanza kuharibika, hadi nikamwambia Chiara, “Waambie wanywe pamoja, tutakufa hapa.” Wakanywa pamoja.

Nami nikanywa. Mtanisamehe, sina maneno ya wataalamu. Ni mweusi karibu na usiku, unanukia cheri zilizokauka na kitu cha moshi. Ukiingia mdomoni unadhani utakuwa mtamu, hauwi, unakuwa mchungu kidogo, unakausha ulimi sawa na ndizi mbichi, na ukishaumeza ndipo utamu unarudi taratibu kutoka huko ulikokwenda. Tena una nguvu. Nilinyanyuka kwenda kusaidia vyombo nikaamua kukaa tena.

Darini

Kesho yake Attilio alipanda darini kwenye ghala lake na Ta Respicius akamfuata bila kuitwa. Mimi na Chiara nyuma. Huko juu madirisha yamefunguliwa pande zote, upepo unapita, na zabibu zimelazwa kwenye vichanja vya matete, tabaka juu ya tabaka hadi kwenye paa, kishada hakigusi kishada. Zimeshavunwa tangu mwanzo wa vuli na bado hazijakamuliwa. Zinalala hapo hadi Krismasi ipite, zinasinyaa, maji yanaondoka, utamu unabaki. Ndipo zinakamuliwa. Halafu mvinyo unaingia kwenye mapipa makubwa ya mti wa mwaloni na unakaa miaka. Wenyewe wanasimulia kwamba zamani walikuwa wanatengeneza wa sukari tu, mpaka pipa moja liliposahauliwa, sukari yote ikaisha, wakalifungua wakitegemea hasara na kukuta huu.

Ta Respicius alitembea kati ya vichanja mikono nyuma, namna anavyotembea kanisani.

“Sisi tunaweka ndizi juu ya meko siku chache,” akasema, “tunajiona wavumilivu.”

Attilio alikuwa anachagua. Anainua kishada, anakigeuza kwenye mwanga, anachomoa punje iliyoanza kuoza, anakirudisha. Kaka yangu akavuta kiti akakaa upande wa pili wa kichanja, akaanza naye. Hakuuliza. Mzee akamwangalia vidole kwa muda, akaona haviharibu, akaendelea. Siku zile zote tulizokaa, walikuwa huko juu. Huyu anaongea Kihaya, yule Kiitaliano, hakuna mkalimani, na kwa jinsi walivyokuwa wakiitikiana ungesema wamekubaliana kila kitu.

Lakini kaka yangu alishuka siku moja amebadilika. Akanivuta nje, kwenye ukuta wa mawe.

“Adventina, yule mtu nikimchukulia mtoto, nani atampandia ngazi ile?”

“Umekuja kuomba au umekuja kuhurumia?” nikamuuliza.

“Na mimi nina mmoja,” akasema. “Ningekuwa mimi, ningekwenda shambani nisirudi.”

Nilimwona Chiara dirishani, anaosha sahani ya baba yake asiyemsemesha, nikajua kwamba tukirudi bila neno, Novatus atasubiri, na yeye atasubiri, na mzee atanyamaza hadi afe. Hicho ndicho kilichokuwa mezani.

Jumapili

Jumapili tukaenda Misa ya kijijini. Padri alituuliza majina, nikasema Adventina na Respicius. Alishangaa, akamwambia Chiara kwamba majina hayo ameyaona kwenye vitabu vya watakatifu tu, Italia hakuna anayeyatumia tena. Nikamwambia aje Muleba, yako yote, hayajapungua.

Baada ya chakula tulikaa jikoni wote wanne. Nilikuwa nimeifua gomesi mara tatu. Nje ukungu umefunika mizabibu, huoni hata ghala. Nikamkanyaga kaka yangu chini ya meza, maana ndiyo saa yenyewe. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

“Mzee mwenzangu,” akasema, “ulisema tuje, tumekuja. Lakini kwetu mtoto wa mtu haombwi kwa mikono mitupu. Nilikanyaga pombe kwa ajili yako, ikamwagika njiani. Kwa hiyo leo siombi. Nitarudi nyumbani nikanyage nyingine, nije tena.”

“Utakuja tena na nini?” nikamfokea kwa Kihaya. “Kwa miguu?”

Hakuwa anatania, yule mtu angekuja kweli, au angekufa akipanga kuja. Na Chiara alitafsiri yote. Safari hii hakufupisha wala hakutia asali, nilijua kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa inakatika na yeye anaendelea.

Attilio akauliza kitu, akimtazama kaka yangu.

“Anauliza kama uliikanyaga mwenyewe,” akasema Chiara.

“Kwa miguu hii.”

Mzee akanyanyuka, akafungua mlango wa kwenda chini kwenye mapipa, akashuka. Tukasikia buti zake kwenye ngazi, kisha hatukusikia kitu. Chiara alishika ukingo wa sinki. Mimi nikaanza kukusanya mkoba wangu, maana nilidhani tumeshajibiwa.

Alirudi na chupa isiyo na lebo, vumbi limeganda juu yake. Hakuiweka mezani. Aliitia mikononi mwa Ta Respicius, akaongea kidogo, akanyoosha kidole mlangoni. Chiara akatutafsiria.

“Anasema mtoke nje. Mgonge mlango, muingie upya, kama watu waliotoka kwao na pombe yao.”

Tukatoka. Mimi na kaka yangu kizingitini, ukungu unatuingia shingoni, yeye ameikumbatia chupa. Nikamnyoosha kola. Nikagonga.

Attilio alifungua mwenyewe, akatukaribisha kama hajawahi kutuona. Ta Respicius akaingia na kupiga magoti, maana ndivyo tunavyoomba. Mzee akadhani lile goti limemwangusha, akainama kumnyanyua, na Chiara akasema haraka kwa lugha yao, nafikiri alimwambia hakuanguka. Mzee hakumjibu. Akasimama akiwa hajui afanye nini, kisha naye akapiga magoti, pale kwenye vigae, uso kwa uso. Mimi ningebaki wima peke yangu? Nikashuka.

“Naomba binti yako awe binti yangu,” akasema kaka yangu. “Najua ninachokuomba. Na mimi nina kijana mmoja. Angeniambia anahamia huku, ningesema maneno mabaya kuliko yako.”

Attilio alisikiliza tafsiri hadi mwisho. Akafuta macho kwa nyuma ya mkono, bila kuficha. Akaipokea chupa, akaifungua, akamimina glasi moja, akaiinua.

“Bado!” nikapiga kelele.

Mkono ukasimama hewani. Wote wakanigeukia. Ndiyo kazi ya shangazi hii, na sikupanda ndege zote hizo nikae kimya.

“Chiara, mwambie. Kwetu baba hanywi hivi hivi. Kwanza anamuuliza binti: pombe hii ninywe, au nisinywe? Binti akisema kunywa, wameoana. Akisema usinywe, tunabeba chupa yetu tunaondoka. Na anamuuliza yeye mwenyewe, kwa jina lake. Hapitishi kwa mtu.”

Chiara akayatafsiri yote akiangalia sakafu, na alipomaliza, naye akapiga magoti.

Mzee alikaa na ile glasi mkononi. Akageuka, mwili mzima, juu ya yale magoti yake, akamwelekea.

“Chiara,” akasema. Akashindwa. Akaanza tena, “Chiara,” na hapo akamuuliza.

“Kunywa, baba,” akamjibu.

Akanywa, akampa binti glasi naye anywe. Halafu wakaanza kuongea, wanapokonyana maneno, wanalia, yeye anamshika baba yake uso na baba anamshika mikono. Chiara hakututafsiria hata neno moja, wala hatukumwomba.